Namba za kubahatisha: Kwa nini kodi ileile huleta majibu tofauti kwenye kompyuta mbili

Andika programu fupi kwa lugha ya C. Ipe mbegu 1, kisha iambie itoe namba moja ya kubahatisha. Kwenye Windows, kwa kompaila ya Microsoft, jibu ni 41. Chukua kodi hiyohiyo, usiguse hata nukta, ipeleke kwenye Linux ya kawaida. Jibu ni 1804289383.

Hakuna mashine iliyoharibika hapo, wala hakuna aliyekosea kuandika. (Kodi hapa siyo ile ya TRA wala ya mwenye nyumba. Ni maelekezo anayoyaandika mtengeneza programu, na kompaila ndiyo inayoyageuza yawe lugha ya mashine.)

Kwa anayetengeneza gemu ya simu, huo ni usumbufu tu. Kwa mtafiti ni jambo zito. Kama alitumia namba hizo kuchagua kaya za kuhoji, au kuamua mgonjwa yupi apewe dawa mpya na yupi aendelee na ya zamani, basi mwenzake akirudia kazi kwenye kompyuta nyingine atapata orodha ya watu wengine kabisa. Atajuaje kama uchaguzi ulifanyika kwa haki au kuna jina lilipenyezwa?

'Bahati' yenye fomula

Kompyuta haijui kubahatisha. Inajua kufuata maelekezo. Kwa hiyo namba nyingi zinazoitwa za kubahatisha ni bandia: zinatoka kwenye hesabu, ila hesabu yenyewe imepangwa ili matokeo yaonekane hayana mpangilio. Namba ya kuanzia inaitwa mbegu. Mbegu ileile ikipandwa kwenye hesabu ileile, mavuno ni yaleyale, leo na mwakani.

Njia ya kale inayoeleweka haraka ni ya mwanahisabati Mmarekani D. H. Lehmer, ya mwishoni mwa miaka ya 1940. Toleo lake maarufu lilipendekezwa na Stephen Park na Keith Miller mwaka 1988. Linafanya hivi: chukua namba uliyonayo, zidisha kwa 16807, gawanya kwa 2147483647, kisha bakiza baki. Baki hilo ndilo namba yako mpya, na ndilo utakaloanza nalo raundi inayofuata.

Ukiwa na kikokotoo cha simu unaweza kujaribu. Anza na 1: unapata 16807. Zidisha tena: 282475249. Zidisha tena na sasa utavuka kikomo, unafika 4747561509943, unagawanya, baki ni 1622650073. Ukiendelea hivyo mara 10,000 lazima uishie kwenye 1043618065. Ukipata kitu kingine, umekosea mahali.

Namba hiyo ya mwisho iko kwenye makala ya Park na Miller kwa makusudi. Waliiweka ili yeyote anayeandika kanuni hiyo kwenye mashine yoyote ajipime.

Kwa nini mtu atake bahati inayojirudia? Kwanza, ili kukamata hitilafu. Programu ikianguka mara moja kati ya majaribio elfu, mhandisi anahitaji kuirudisha palepale ilipoanguka. Pili, sayansi haikubali jibu ambalo mtu mwingine hawezi kulipata. Tatu ni michezo, na hapa kuna kisa kizuri.

Mwaka 1984 Waingereza wawili, David Braben na Ian Bell, walitoa gemu ya anga iitwayo Elite kwa kompyuta ya BBC Micro. Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32. Picha moja ya WhatsApp leo inaweza kuizidi mara kadhaa. Humo ndani wakaweka galaksi 8, kila moja na sayari 256, zenye majina, uchumi na aina ya serikali. Ukweli ni kwamba hawakuziweka. Waliweka namba tatu za biti 16 na kanuni ya kuzikoroga. Sayari zilizaliwa upya kila zilipohitajika, na kila mara zilikuwa zilezile.

Kiwango kilichoacha mlango wazi

Turudi kwenye 41 na 1804289383. Lugha ya C ina kiwango rasmi, na kiwango hicho kinazitaja funksheni mbili: srand ya kupanda mbegu na rand ya kuvuna namba. Kinadai mbegu ileile ilete mfuatano uleule, na kikomo cha juu kisipungue 32767. Hesabu gani itumike? Hakisemi. Kila mtengenezaji akachagua yake.

Ya Microsoft inazidisha namba iliyopita kwa 214013, inajumlisha 2531011, kisha inachukua biti za kati. Kwa mbegu 1 unapata 2745024. Gawanya kwa 65536, tupa desimali: 41. Siri yote ndiyo hiyo. Inayofuata ni 18467, na hakuna siku itatoa namba inayozidi 32767.

Maktaba ya glibc, inayotumiwa na Linux nyingi za kompyuta, inakwenda njia nyingine. Inatunza meza ya namba 31 (inaijaza kwa ile 16807 ya Lehmer), inatupa matokeo 310 ya mwanzo, halafu kila namba mpya ni jumla ya mbili za nyuma: ya tatu na ya thelathini na moja kurudi nyuma. Kikomo chake ni 2147483647.

Zote mbili zimetii kiwango. Ndiyo maana kulalamika hakusaidii.

Wachezaji wa Minecraft wanalijua tatizo hili hata kama hawajawahi kuandika mstari mmoja wa kodi. Ulimwengu wa gemu hiyo huzaliwa kutoka mbegu, na watu hupeana mbegu za dunia nzuri. Ila kuna matoleo mawili: la Java kwenye kompyuta, na la Bedrock ambalo ndilo la simu. Kwa miaka mingi mbegu ya rafiki mwenye kompyuta ilikuletea dunia nyingine kabisa kwenye simu yako. Ni toleo 1.18, Novemba 2021, lililofanya milima na mabonde yalingane kwa sehemu kubwa pande zote mbili. Vijiji na majengo bado havilingani yote.

Java yenyewe, ni haki kusema, ilifanya kazi yake vizuri. Nyaraka zake zinaandika kanuni ya Random hadi namba ya mwisho: zidisha kwa 25214903917, jumlisha 11, bakiza biti 48. Kila Java inalazimika kuifuata. Hapa walioiandika waliona mbali kuliko wenzao wa C.

Mtego wa C++

Mwaka 2011 lugha ya C++ ilileta suluhisho lililoonekana kamili. Iliingiza kanuni ya Mersenne Twister, kazi ya Wajapani Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura iliyochapishwa 1998, ambayo mfuatano wake haujirudii mpaka zipite namba 2 kwa kipeo cha 19937, kasoro 1. Safari hii kiwango kilisema kila kitu. Hata kikaweka namba ya kujipimia: ukiianzisha bila kuipa mbegu yako, ya 10,000 lazima iwe 4123659995. Windows, Linux, Mac, simu, kote.

Watengeneza programu wakashusha pumzi. Wengi bado wanaumia.

Shida ni kwamba mtu hahitaji namba kati ya 0 na 4294967295. Anahitaji dadu: 1 mpaka 6. Au anataka kuchanganya karata, au urefu wa watu unaofuata mgawanyo wa kawaida. C++ ina vifaa vya kugeuza namba kubwa kuwa hivyo vyote, lakini namna ya kugeuza, kiwango hakikuifunga. Kiwanda ni kimoja, wauzaji rejareja kila mmoja na kipimo chake.

Tazama dadu. Namba 4294967296 ukizigawa kwa 6 kila upande unapata 715827882, na zinabaki 4. Hizo nne ukizigawia pande nne, dadu yako inapendelea kidogo. Kwa hiyo maktaba makini huzikataa na kuvuta namba nyingine. Lakini maktaba moja itagawanya, nyingine itazidisha na kuchukua biti za juu, ya tatu itakata biti chache tu na kuzijaribu. Namba ileile ghafi inakuwa 2 huku na 5 kule.

Na kuna baya zaidi. Maktaba moja ikikataa namba na nyingine ikaikubali, foleni imehama. Kuanzia hapo kila anayefuata anapokea tiketi iliyokuwa ya mwenzake. Programu inayoiga msongamano wa magari au kusambaa kwa ugonjwa inaweza kwenda sawa kwa muda, halafu ikaachana njia bila onyo.

Kuchanganya orodha kwa std::shuffle kuna tatizo hilohilo.

Desimali ni habari nyingine

Namba nzima zina tabia nzuri. Desimali zina makuu.

Kiwango cha IEEE 754, kinachofuatwa na karibu prosesa zote za leo, kinadai kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili zitoe jibu lilelile hadi biti ya mwisho. Logi na kosaini hazimo kwenye sharti hilo. Sasa njia maarufu ya kutengeneza namba za mgawanyo wa kawaida, ile ya Box na Muller ya mwaka 1958, inatumia nini? Logi na kosaini. Maktaba mbili za hesabu zinaweza kutofautiana kwenye biti ya mwisho, na programu ikiuliza "je, hii inazidi sifuri nukta tano?" biti hiyo moja inatosha kubadilisha jibu.

Simu nazo zinaingia hapa. Prosesa za ARM za biti 64, zilizomo kwenye simu nyingi za sasa, zina agizo la kuzidisha na kujumlisha kwa mpigo mmoja, na kukadiria mara moja badala ya mbili. Kompaila ya GCC hulitumia bila kuombwa pale prosesa inapolikubali. Kwenye kompyuta za Intel, kwa mipangilio ya msingi, agizo hilo halitumiki. Kodi moja, makadirio mawili. Kuna kitufe cha kulizima, ila ni lazima ujue kwamba lipo.

Mitego mingine midogo inatosha kutajwa haraka. Aina ya namba iitwayo long ina biti 32 kwenye Windows na 64 kwenye Linux za biti 64. Namba yenye alama ya kutoa ikifurika kwenye C, kompaila ina ruhusa ya kufanya ipendavyo. Na huu unawashangaza hata wakongwe: ukiita funksheni moja na kuipa rand mara mbili kama viambato, lugha haisemi ipi ivutwe kwanza. Kompaila moja inaanzia kushoto, nyingine kulia, na x na y zinabadilishana viti.

Lugha hiyohiyo, mwaka mwingine

Huna hata haja ya kubadilisha kompyuta. Kusasisha programu kunatosha.

Lugha ya R, inayopendwa na watu wa takwimu na afya ya jamii, ilitoa toleo 3.6.0 mwaka 2019 na kubadilisha namna sample inavyochagua. Sababu ilikuwa ya msingi: njia ya zamani ilikuwa na upendeleo, hasa pale orodha ya kuchagua inapokuwa kubwa sana. Lakini tangu siku hiyo, kodi ya mwaka 2018 yenye set.seed ileile inachagua watu wengine. Anayetaka kurudia kazi ya zamani ana njia: anaongeza sample.kind = "Rounding" na R inamrudisha enzi zile, huku ikimwonya.

PHP iligundua kwamba Mersenne Twister yake ilikuwa imeandikwa kwa kosa. Ikairekebisha kwenye toleo 7.1, Desemba 2016, na kuiacha ile mbovu kwa jina la MT_RAND_PHP kwa wanaoihitaji. Python inaahidi kidogo na kutimiza: random() itabaki na mfuatano uleule kwa mbegu ileile, ila funksheni nyingine zinaweza kubadilika kati ya matoleo. NumPy mwaka 2019 ilileta jenereta mpya na kuigandisha ya zamani, RandomState, ibaki kama ilivyo.

Ukiangalia hizo zote, namna ya NumPy ndiyo yenye heshima zaidi kwa watumiaji: kipya kipewe jina jipya, cha zamani kisiguswe.

Dadu mbele ya watu Colorado

Pengine hakuna mahali ambapo jambo hili lina uzito kama kwenye kura. Jimbo la Colorado, Marekani, tangu Novemba 2017 hukagua matokeo ya uchaguzi wake kwa kuvuta sampuli ya karatasi za kura na kuzilinganisha na hesabu za mashine. Swali ni nani anachagua karatasi zipi zivutwe. Kama ni ofisa na kompyuta yake, mpinzani atasema zimepangwa.

Kwa hiyo mbegu haitoki kwenye kompyuta. Kwenye mkutano wa hadhara, watu wanarusha dadu zenye pande 10 mpaka zipatikane tarakimu 20. Tarakimu hizo ndizo mbegu, na kila aliyepo anaziandika.

Kutoka hapo inatumika SHA-256, kanuni ya kusaga data ambayo kiwango chake kilichapishwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Mbegu inaunganishwa na kihesabio, 1, kisha 2, kisha 3, na kila muungano unasagwa kuwa namba kubwa inayoelekeza karatasi ya kuvuta. SHA-256 imefafanuliwa hadi biti ya mwisho na haina desimali hata moja. Mwananchi mwenye laptopu ya zamani na chama chenye seva kubwa wanapata orodha ileile. Wasipopata, kuna mtu wa kuulizwa.

Wanaotaka majibu yafanane hufanya nini

Kwanza wanaacha kuitegemea rand ya mfumo. Wanabeba jenereta yao ndani ya kodi yao. Nyingi ni fupi, mistari 10 au 20. PCG ya Melissa O'Neill, ya mwaka 2014, na jamii ya xoshiro ni miongoni mwa zinazobebwa sana. Wanatumia namba nzima zisizo na alama ya kutoa, zenye ukubwa uliotajwa wazi, biti 32 au 64, kwa sababu hizo zikifurika zinazunguka kwa namna ambayo kiwango kimeifunga.

Zamani hata Lehmer alikuwa na shida hiyo: umeona 4747561509943, haiingii kwenye biti 32. Linus Schrage alionesha mwaka 1979 jinsi ya kukwepa, kwa kuivunja 2147483647 kuwa 16807 mara 127773 na baki 2836, ili hesabu yote ipite bila kufurika. Leo biti 64 zipo hadi kwenye simu ya bei nafuu, na ujanja ule unahitajika mara chache.

Pili, wanaandika dadu yao wenyewe. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi. Kuchanganya orodha pia, wanaandika wenyewe.

Tatu, wanahifadhi namba za kujipimia kama ile 1043618065, na programu inazikagua kila inapojengwa kwenye mashine mpya. Na kwenye ripoti hawaandiki "mbegu 42" tu. Wanaandika jina la jenereta, toleo la lugha na maktaba.

Kazi ikigawanywa kwa prosesa nyingi kwa wakati mmoja, foleni moja ya namba haifai, maana hakuna ajuaye nani atafika kwanza. Hapo zinatumika jenereta za kihesabio kama Philox, iliyoelezwa mwaka 2011. Ukitaka namba ya milioni moja unaiomba moja kwa moja bila kupitia zilizotangulia, kwa hiyo kila kazi inakuwa na namba zake hata ikichelewa.

Isiguse siri

Onyo moja kwa developa yeyote anayesoma hapa: kinachojirudia kinatabirika. Mersenne Twister ikishatoa namba 624 mfululizo, aliyeziona anaweza kukokotoa zote zijazo. Usiitumie kwa nywila, wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwa SMS, wala droo ya pesa. Kwa hizo mifumo endeshi ina vyanzo vyake maalumu.

Marekani walilipia somo hilo. Mkuu wa usalama wa mifumo wa shirika linaloendesha bahati nasibu za majimbo kadhaa aliingiza kodi yake kwenye mashine za droo. Siku nyingi mashine zilibahatisha kama kawaida. Kwenye tarehe chache za mwaka zilihamia kwenye kanuni yenye mbegu anayoweza kuikisia, na yeye akajua namba mapema. Alianza kutiliwa shaka baada ya tiketi ya dola milioni 16.5 ya Desemba 2010 kukosa mtu wa kujitokeza waziwazi kuidai.

Miaka baadaye wachunguzi wakaipata mashine iliyokuwa imetumika jimbo la Wisconsin. Wakairudisha saa yake hadi siku ya droo ya Desemba 2007, wakaiendesha. Ikatoa namba zilezile zilizoshinda usiku ule. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25.